Kindege Hakisomeki, Mkuki Unasomeka

Kuna sentensi moja imenichosha na leo nataka tuimalize: "Gemu ni gemu tu, bora ujue saa ya kubonyeza."

Naisikia hapa Mkwiro, nikivuka Shimoni naisikia, nikifika Ukunda kwenye vibanda vya PS ndiyo usiseme. Mtu anakuona unapambana na ASHMEAD kwenye Armored Core VI. Anakuona unangoja, unazunguka, unangoja tena, halafu unachoma mara moja na roboti ya adui inalipuka. Anacheka, anatoa simu, anafungua Aviator. Ati ni kitu kimoja: wewe unangoja upige, yeye anangoja atoe pesa. Tofauti yake ni kwamba yeye "analipwa".

Hapana bana. Si kitu kimoja, na kuvichanganya hivi viwili kunawala vijana wa Pwani pesa za ukweli. Kusubiri ni ujuzi pale tu ambapo kile unachokisubiri kinatoa dalili. Kama hakitoi dalili, huna ujuzi wowote hapo hata ukikaa miaka kumi. Umekaa tu.

Wacha nieleze vizuri, nianze na mkuki.

Kwa wasioijua, Armored Core VI: Fires of Rubicon ilitolewa na FromSoftware tarehe 25 Agosti 2023. Ni wale wale wa Elden Ring. Mfululizo wenyewe ni wa kitambo, ulianza 1997 kwenye PlayStation ya kwanza, na wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa. Unaendesha roboti kubwa ya vita ambayo unaiunda mwenyewe: kichwa, kifua, mikono, miguu, injini. Unabeba silaha mbili mikononi na mbili mabegani. Kuna bunduki za kila aina, makombora, leza, mizinga.

Halafu kuna PB-033M ASHMEAD.

ASHMEAD haina risasi. Ni mkuki mnene wa chuma uliofungwa kwenye mkono wa kushoto, unaofyatuka mbele kwa nguvu. Ukibonyeza mara moja, roboti inaruka mbele kidogo na kuchoma. Ukishikilia kitufe, inavuta mkono nyuma kwanza, halafu ndiyo inachoma, na hilo pigo la kuvuta ni moja ya mapigo mazito kabisa kwenye gemu nzima. Ubaya ni kwamba lazima uwe umembana adui uso kwa uso. Ubaya wa pili, ule muda wa kuvuta mkono hufanyi kitu kingine. Ubaya wa tatu, ukikosa umesimama pale kama nguzo ya jeti, na mkuki hauwezi kuchoma tena mpaka upoe.

Ndiyo maana watu wengi wanaununua, wanajaribu mara tatu, wanakosa mara tatu, wanasema ni takataka, wanarudi kwenye bunduki. Na wale wanaoona mwingine anaupatia wanasema ana bahati.

Bahati haimo. Angalia unavyofanya kazi.

Kila adui kwenye hiyo gemu ana mstari wa kuyumba. Kila risasi, kila kombora, kila teke unalompiga linaujaza ule mstari kidogo. Ukimwacha apumue, unashuka tena. Ukijaa, adui anayumba: anasimama sekunde chache, hawezi kukwepa, na kila pigo analopata wakati huo linamwumiza zaidi kuliko kawaida. Hapo ndipo mahali pa mkuki. Ukiutumia kabla ya hapo ni ubishi, na baada ya hapo umechelewa.

Kwa hivyo kazi ya ASHMEAD haianzi kwenye kitufe cha kushoto. Inaanza mbali huko. Unajaza mstari kwa silaha nyingine, mzinga wa begani kama SONGBIRDS au bunduki nzito ya karibu kama ZIMMERMAN. Huku unajaza, unasogea. Hii ndiyo siri ambayo watu hawaioni kwenye video fupi: lazima uwe karibu KABLA mstari haujajaa. Ukimyumbisha adui ukiwa mbali, zile sekunde zake zinaisha ukiwa bado njiani. Unafika, unavuta mkono, yeye ameshaamka na anakutazama.

Na usifike na injini kavu. Kuruka na kukimbia kunakula nishati ya roboti. Ukiimaliza yote ukimfukuza, unafika huna ya kukwepea. Kwa hivyo unahesabu mambo matatu kwa pamoja: mstari wake, umbali wenu, nishati yako. Yakikutana yote matatu, unashikilia kitufe. Yasipokutana, unaacha. Kuacha ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu kidole kinawasha.

Chukua BALTEUS, yule bosi wa mwisho wa sura ya kwanza aliyewafanya watu wengi waitupe hiyo gemu. Ana ngao, ana makombora yanayotoka kwa duara yakijaza kioo chote. Ukimtazama mara ya kwanza unaona fujo. Ukimtazama mara ya ishirini unaona ratiba. Makombora yakija, ukirudi nyuma yanakufuata yote; ukisonga mbele mengi yanakupita. Ngao yake inavunjika haraka ukitumia silaha za palsi. Akianza kuzungusha moto, anakupa onyo kabla, na akimaliza anaacha mwanya. Ngao kwanza, halafu mstari, halafu mkuki. Yeye habadiliki. Wewe ndiye unayebadilika.

Mnaotaka kuanza, fanyeni hivi. Kwenye karakana kuna sehemu ya kujaribu roboti yako dhidi ya adui. Ingia hapo na ASHMEAD, usipige risasi hata moja, jifunze umbali tu. Sogea, shikilia, choma. Fanya mpaka mkono wako ujue mkuki unafika wapi. Ukimaliza hapo, rudia misheni ambayo umeshaimaliza, maana gemu inakuruhusu. Halafu chukua daftari, chora safu mbili: iliyopata, iliyokosa. Jaribu mara 40 leo. Wiki ijayo 40 tena. Mwezi ujao 40 tena.

Safu ya kupata itakua. Yangu ilikua, na kila ninayemjua aliyekaa na huo mkuki ilikua. Si kwa kasi moja, lakini ilikua.

Sasa lile daftari tulipeleke kwenye kindege.

Aviator ilitengenezwa na Spribe, kampuni yenye asili ya Georgia, ile nchi, si jimbo la Marekani. Ilianza 2019. Mnaijua: kindege kinapaa, namba inapanda, 1.20, 1.80, 2.50, na unatakiwa utoe pesa kabla hakijatokomea. Ukichelewa, imeenda. Ukiangalia juujuu, ni gemu ya muda kweli. Macho kwenye kioo, kidole kwenye kitufe, moyo unadunda. Mwili unahisi vile vile unavyohisi ukivuta mkuki mbele ya BALTEUS. Hilo sikatai, na ndiyo hatari yenyewe.

Lakini angalia ndani. Namba ambayo kindege kitaishia inapatikana kwa kuchanganya namba ya siri ya seva na namba zinazotoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kubeti kwenye hiyo raundi. Ikishachanganywa, basi. Kindege kikianza kupaa, mwisho wake umeshajulikana na mashine. Kile unachokitazama kikipanda ni filamu ya jibu ambalo tayari limeandikwa. Hakikuoni. Hakichoki. Hakina mstari wa kuyumba. Raundi iliyopita haina undugu na raundi hii, hata kama umeona 1.05 mara sita mfululizo na moyo unakwambia "sahi lazima kipae".

Na hesabu yake haijafichwa. Waliokitengeneza wenyewe wanasema kinarudisha asilimia 97. Watu wanasikia 97 wanafurahi, wanadhani ni maksi za mtihani. Maana yake ni hii: kila shilingi 100 inayobetiwa, kwa wastani zinarudi 97. Tatu zimebaki kule. Sasa hakuna mtu anayebeti mara moja akaenda kulala. Zungusha hiyo hiyo 100 na kinachorudi, mara 20, wastani wa kilichobaki ni kama 54. Zungusha mara 50, ni kama 22. Raundi zenyewe zinakwenda mbio, kwa hivyo mara 50 haifiki hata kumaliza kikombe cha chai na mahamri.

Turudi kwa daftari. Tuseme unatoa pesa kila mara kindege kikifika 2.00. Kwa hiyo asilimia 97, nafasi ya kufika hapo ni 48.5 kwa kila raundi 100. Leo ni 48.5. Wiki ijayo ni 48.5. Ukicheza mpaka uote mvi, ni 48.5. Ukiamua kutoa kwenye 1.50 utapata mara nyingi zaidi lakini kidogo kidogo, ukingoja 10.00 utapata mara chache lakini kubwa, na kwa wastani zile tatu zinabaki kule kule. Hakuna safu inayokua. Mtu wa mwaka mzima na mtu wa leo asubuhi wana uwezo sawa kabisa. Niambie ni ujuzi gani duniani ambao mkongwe na mgeni wanalingana?

Hicho ndicho kipimo changu, kichukueni mkitumie popote: kama kufanya mara elfu hakukufanyi uwe bora kuliko ulipofanya mara moja, hicho si kitu cha kujifunza. Ni kitu cha kukulipisha.

Najua mtakachosema. Kuna jamaa ana "mfumo". Kuna kikundi cha Telegram kinauza programu ya kutabiri kindege. Wanangu, hebu fikirini. Mtu anayejua kindege kitaishia wapi anahitaji nini shilingi zako mia tano? Si angekaa kimya chumbani kwake ajaze simu pesa? Anakuuzia utabiri kwa sababu pesa iko kwako, haiko kwenye utabiri.

Watu wa Mkwiro hatuna sababu ya kudanganyika na hili hata kidogo, kwa sababu tumelelewa na watu wanaosubiri kwa akili. Mvuvi wa pweza anajua tarehe za mwezi. Anajua bamvua ni lini, maji yatatoka mpaka wapi, na mwamba upi utabaki wazi kwa muda gani. Akitembea mwambani haangalii pweza, anaangalia makombe na magamba yaliyotupwa nje ya shimo, kwa sababu pweza akila hutupa taka zake mlangoni. Shimo lenye dalili ndilo analolichokoa. Lisilo na dalili analipita. Muulize mzee yeyote kama alizaliwa anajua hayo.

Na usiniambie bahari nayo ni bahati. Kuna riziki, ndiyo, kuna siku unarudi mikono mitupu. Lakini siku hiyo uliyorudi mtupu, dalili hazikukudanganya. Bamvua ilikuwa bamvua. Ulichojifunza jana kinatumika kesho. Kusi ikivuma mtu anajua atie chombo au asitie. Kwenye kindege, ulichokiona jana hakina kazi kesho.

Halafu mtu anatoka baharini, ameuza samaki wake pale bandarini, pesa imeingia kwenye simu hata haijapoa, na kabla hajapanda boti ya kurudi ishakwenda. Amesoma upepo, maji, mwezi na mwamba tangu alfajiri, halafu jioni anakwenda kusoma kitu kisichosomeka. Ikiisha anachukua Fuliza. Huyo si mjinga. Huyo amezoea mahali ambapo subira inalipa, na mtu ametengeneza kitu kinachofanana na subira.

Sasa hoja mbili ambazo zina uzito, nizijibu.

Ya kwanza: "ASHMEAD haikulipi." Kweli. Hainilipi hata shilingi. Na sitaki kuwauzia ndoto kwamba mtacheza mtajirike. Kenya imetoa Sylvia Gathoni, QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya Marekani kwa kucheza Tekken, na nampa heshima zake zote. Lakini huyo ni mmoja, na alifika pale kwa mazoezi, si kwa kuahidiwa. Mkuki nauchezea raha. Ila angalia bei ya raha yenyewe. Armored Core unainunua mara moja. Ndani yake, silaha ukiinunua kwa pesa za gemu na isikupendeze, unaiuza kwa bei ile ile uliyonunulia. Ukifa unaanza tena, bure. Ukijaribu mara 200 kumchoma BALTEUS na ukakosa mara 200, umepoteza usingizi. Kindege kinakutoza kila ukijaribu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mahali pa kujifunzia na mahali pa kukamuliwa: pa kujifunzia, kukosa kuna bei ndogo, la sivyo hakuna ambaye angejifunza.

Ya pili inatoka kwa wazee: "Zote ni upuzi, kamari ni haramu na magemu ni kupoteza muda." Shikamoo zangu ziwafikie, na kuhusu kamari sina la kuongeza, chuoni tulifundishwa. Lakini wazee wangu, mkizitia zote kapu moja mnatusaidia kupotea. Kijana akiambiwa PS na kubeti ni dhambi moja, atachagua ile inayosema italipa. Mwambieni tofauti. Mwambieni hii inakula muda wako, ipangie saa zake, na ile inakula muda, pesa na akili ya kujua lini uache. Kijana atawasikia, kwa sababu mtakuwa mmesema kitu ambacho yeye mwenyewe anakiona.

Na sasa nyinyi wenzangu wenye kamera.

Aprili 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mei ikatoa miongozo mipya inayokataza watu maarufu na waundaji maudhui kuipigia debe. Haikufanya vile kwa kupenda. Ilifanya kwa sababu sisi, watu wenye simu na wafuasi elfu mbili tatu, tulikuwa ndio mlango. Na bado kuna watu wanaweka linki ya kujiunga chini ya video ya gemu, katikati ya mtu anayejifunza kucheza na mtu anayeuliza pedi nzuri inapatikana wapi. Unachukua hamu ya mtoto wa miaka kumi na sita ya kuwa bora kwenye kitu, unaielekeza mahali ambapo hakuna kuwa bora. Kisha ukiulizwa unasema "kila mtu na maamuzi yake". Maamuzi gani, wakati umemwambia ni gemu?

Kwenye ukurasa wangu hiyo linki hamtaikuta. Mtakuta mkuki, na mtakuta nikikosa, maana video zangu sikati sehemu za kukosa. Mtu akiona nimechoma mara moja tu bila kuona zile thelathini za kabla, hata yeye atadhani ni bahati, na mtu anayedhani ujuzi ni bahati ndiye mteja anayetafutwa na kindege.

Kwa hivyo ukiwa na silaha ngumu mkononi, iwe ni ASHMEAD, iwe ni mshipi, iwe ni hesabu za kidato cha tatu, jiulize kitu kimoja kabla ya kuiita takataka: kuna dalili hapa ninayoweza kuisoma? Kama ipo, kaa. Kosa. Andika. Kosa tena. Safu itakua.

Kama haipo, funga simu, mwanangu. Pesa ya boti ibaki mfukoni.